Kucheka na Marehemu

Kama ulikulia Kenya na nyumbani kwenu, au kwa jirani, kulikuwa na televisheni, huenda ulimjua Mwalimu Brown kabla hujamjua mwalimu wako wa darasa la kwanza. Mind Your Language, ile komedi ya darasa la jioni la Kiingereza jijini London, ilitutembelea miaka nenda miaka rudi: Ranjeet na kilemba chake, Giovanni wa Italia, Juan wa Uhispania asiyeelewa lolote na asiyejali. Wengi wetu tulidhani Waingereza nao wako kwao wanaitazama. Kumbe walikwisha kuikata tangu 1979, baada ya misimu mitatu na sehemu 29, kwa uamuzi wa Michael Grade wa kituo cha LWT, aliyeona inawadhalilisha wageni. Mwaka 1986 ilifufuliwa kwa sehemu 13, kisha ikazikwa tena. Sisi huku tukawa tunacheka na marehemu bila habari kwamba kuna msiba.

Kwa hiyo kazi ninayotaka kukuelekeza hapa si ngeni kwako. Tofauti ni kwamba safari hii utaifanya kwa kukusudia: utavisaka vipindi vya vichekesho vya Marekani na Uingereza vilivyozimwa mapema, vingine kabla havijatimiza mwezi, na utavitazama miaka ishirini au arobaini baada ya mazishi. Huu ni ugonjwa wangu wa siku nyingi. Umenilia bando nyingi na usingizi mwingi, na ninayokuandikia ni yale ambayo kama ningeyajua mapema yangeniokolea vyote viwili.

Uliza kilikufa vipi

Kabla hujatafuta kipindi chenyewe, tafuta sababu ya kukatwa kwake. Dakika tano za kusoma zinatosha. Na usijidanganye: vipindi vingi vilivyokatwa vilistahili kukatwa. Mwaka 1990 huko Uingereza kituo kimoja cha setilaiti kilirusha Heil Honey I'm Home!, Hitler na Eva Braun wakiishi jirani na familia ya Kiyahudi, kwa mtindo wa zile komedi za Kimarekani za miaka ya 1950. Ilirushwa sehemu moja tu. Nimeitazama. Moja inatosha.

Unachotafuta wewe ni kifo cha bahati mbaya: kipindi kizuri kilichopewa saa mbaya au jirani mbaya. The Dana Carvey Show cha kituo cha ABC cha Marekani, mwaka 1996, kiliwekwa mara tu baada ya Home Improvement, kipindi cha baba, mama na watoto. Watoto hawajaondoka sebuleni, mchezo wa kwanza kabisa ukamwonyesha Rais Clinton, yaani Carvey aliyejigeuza, akinyonyesha vitoto vya mbwa kwa matiti yake mwenyewe. Zilitengenezwa sehemu nane, zikarushwa saba. Ndani ya kundi lile walikuwemo Stephen Colbert na Steve Carell, ambao wakati huo hakuna aliyewajua. Freaks and Geeks cha NBC, kuhusu wanafunzi wa sekondari wasio na bahati, kilianza 1999 kwa kuwekwa Jumamosi usiku, saa ambayo vijana hawako nyumbani. Kilipohamishiwa Jumatatu kikakutanishwa uso kwa uso na Who Wants to Be a Millionaire? cha ABC, kipindi ambacho wakati huo hakuna aliyeweza kushindana nacho. Zilitengenezwa sehemu 18, NBC ikarusha 12 kisha ikachomoa shoka. Hapo mwandishi hana kosa.

Lakini kifo ninachokipenda kuliko vyote ni cha Police Squad!

ABC ilikianzisha Machi 1982. Walikitunga David Zucker, Jim Abrahams na Jerry Zucker, watatu wale wale waliokwisha kuwavunja watu mbavu kwa filamu ya Airplane! miaka miwili kabla. Ni mzaha juu ya vipindi vya polisi. Leslie Nielsen, mtu mzima mwenye sura ya jaji, ndiye mpelelezi Frank Drebin, na katika nusu saa nzima hatabasamu, kwa sababu Drebin hajui kwamba yumo kwenye komedi. Kila kona imetegwa. Jina la sehemu linaloandikwa kwenye skrini si lile linalosomwa na mtangazaji. Mgeni maarufu wa wiki, ambaye kwingine angepewa nafasi kubwa, hapa anauawa wakati majina ya waigizaji yanapita, na hatumwoni tena. Kuna askari mmoja, Al, ambaye hatujawahi kumwona kichwa. Ni mrefu mno, kichwa hakiingii kwenye picha, na hakuna anayelisemea hilo. Mng'arisha viatu wa mtaani anazijua siri zote za wahalifu ukimpenyezea noti. Drebin akiondoka, anakuja daktari kuuliza namna ya kumpasua mgonjwa wa moyo, au padri kuuliza habari za maisha baada ya kifo, naye anajibu vilevile, kwa noti.

Baada ya sehemu nne kikaondolewa. Mkuu wa burudani wa ABC, Tony Thomopoulos, alieleza sababu kwamba ili mtu akifurahie kipindi hicho ilimbidi akitazame. Watu walimcheka na mpaka leo wanamcheka. Mimi namtetea kidogo. Fikiria televisheni inavyoishi majumbani mwetu: imewashwa tangu magharibi, mama anachambua mchele, mtoto anaandika hesabu, mgeni anaulizia bei ya kiwanja, na kila mmoja anaisikiliza kwa sikio moja. Marekani ya 1982 nayo ilitazama hivyo. Vile vicheko vya kurekodiwa vilikuwa kengele ya kumwita mtu ageuze kichwa, na Police Squad! hakikuwa navyo. Ukiinamia mchele kwa sekunde tatu, umepitwa na vichekesho vitatu, kimoja kikiwa nyuma kabisa ya chumba ambako hakuna aliyekuonyesha kwa kidole.

Sehemu mbili zilizobaki zilirushwa Julai, basi. Sita kwa jumla. Nielsen akateuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa kipindi kilichokwisha kuingia kaburini. Na ile kampuni iliyokuwa ikihesabu watazamaji wa Marekani, ambayo hesabu zake ndizo zilizoamua nani aishi na nani afe, inaitwa pia Nielsen. Leslie Nielsen aliuawa na Nielsen. Watungaji wake wenyewe wangeona mzaha huo ni rahisi mno.

Soma namba kabla ya kuhuzunika

Vituo vikubwa vya Marekani vilizoea kuagiza sehemu 13 kwanza. Mambo yakienda vizuri, waliongeza tisa ili kufikisha 22, ambao ndio msimu kamili. Kwa hiyo ukiona kipindi cha Kimarekani chenye sehemu 13 ujue kilinyimwa ile nyongeza. Ukiona zimetengenezwa 13 na kurushwa chache zaidi, ujue kilitolewa hewani mbio mbio, na sehemu ambazo hazikurushwa ndizo za kuzisaka kwanza.

Namba nyingine ni 100. Kituo cha mkoani kilichotaka kununua kipindi cha kurudia kila siku jioni kilihitaji sehemu zipatazo mia, la sivyo kingemaliza akiba ndani ya wiki chache. Kipindi cha sehemu sita au 18 hakikuwa na soko. Mara nyingi kilifungiwa stoo, na watoto wengi waliozaliwa baadaye hawakukutana nacho hata kwenye marudio, mpaka zilipokuja DVD na baadaye intaneti. Ndiyo maana kuvigundua leo kunaleta ladha ya kufukua kitu.

Uingereza ni habari nyingine. Kule sehemu sita ni msimu kamili, na mtu anaweza kuacha kwa hiari. Fawlty Towers kina sehemu 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979, na watunzi wake, John Cleese na Connie Booth, ndio walioona imetosha. Huko ni kustaafu, usitoe rambirambi. Garth Marenghi's Darkplace cha Channel 4 mwaka 2004 ndicho yatima halisi: sehemu sita, usiku sana, kisha kimya. Matthew Holness anaigiza mwandishi wa hadithi za kutisha mwenye majivuno, ambaye eti aliandika, aliongoza na kuigiza tamthilia ya hospitali katika miaka ya 1980. Tamthilia yenyewe ni mbovu kwa makusudi, sauti haziendani na midomo, picha zinarukaruka. Aliyekulia kwenye filamu zetu za kurekodiwa kwa kamera moja ya harusi atacheka kwa uchungu wa kipekee.

Fuata kalamu

Wengi humfuata mwigizaji. Wanampenda Steve Carell, basi wanasaka kila kipindi alichoigiza. Njia hiyo itakuchosha, kwa sababu mwigizaji anaajiriwa na ladha huwa ya mwandishi. Ukipenda kipindi, tazama jina la aliyekitunga, kisha uliza ni kipi kingine chake kilichokufa.

Mfano wangu ni Victor Fresco, mtu ambaye ungedhani amelogwa. Mwaka 2002 Fox ilirusha Andy Richter Controls the Universe: sehemu 19, zilizoonyeshwa 14. Mwaka 2009 akarudi, safari hii ABC, na Better Off Ted: sehemu 26, mbili za mwisho Marekani haikuziona kwenye televisheni. Vyote viwili vinahusu wafanyakazi wa kampuni kubwa isiyo na utu, na mwigizaji Jonathan Slavin yumo katika vyote viwili, kama shahidi wa ajali mbili.

Ukiwa na nafasi ya sehemu moja tu ya Better Off Ted, tazama ya nne. Kampuni ya Veridian Dynamics imefunga vihisi vipya vya kuwasha taa, kufungua milango, kuita lifti na kutoa maji. Vinafanya kazi kwa kuuona mwangaza unaorudishwa na ngozi. Basi havimwoni mtu mweusi. Mwanasayansi mmoja anaachwa gizani kazini kwake, milango imemfungia. Uongozi unasikitika sana, na suluhisho lake la kwanza ni kuweka bomba la maji ya kunywa la kushika kwa mkono, lenye tangazo kwamba ni la watu weusi. Suluhisho linalofuata ni kuajiri mzungu wa kumfuata kila mfanyakazi mweusi popote aendapo ili taa ziwake. Sheria ya ajira nayo ikaja na masharti yake, na hesabu za kampuni zikaanza kwenda wazimu. Hiyo ilikuwa 2009, kabla dunia haijaanza kubishana juu ya kamera zinazokosea nyuso zetu. Watu wachache mno waliitazama. Mimi nimewaonyesha watu wanne, na wawili kati yao ni mafundi wa kompyuta. Hao hawakucheka, walitikisa vichwa.

Kalamu nyingine ya kufuata ni ya Judd Apatow. The Ben Stiller Show cha Fox, 1992, alikianzisha yeye na Stiller. Kiliuawa kikiwa na sehemu 13, moja haikurushwa, na mwaka uliofuata kikapewa Emmy ya uandishi. Hebu fikiria kwenda jukwaani kupokea zawadi ya mtoto uliyekwisha kumzika. Akafuata na Freaks and Geeks, alichokitayarisha huku mtunzi akiwa Paul Feig, kisha Undeclared, Fox tena, 2001, sehemu 17. Seth Rogen utamkuta katika hivyo viwili vya mwisho, kijana mnene mwenye sauti ya kukwaruza, hajawa mtu mkubwa bado.

Mambo ya kuangalia kabla ya kubonyeza

La kwanza ni mpangilio. Vituo vilivyokata tamaa vilirusha sehemu ovyo, ile iliyoonekana ya kuchekesha zaidi ikitangulizwa. Msimu wa kwanza wa Happy Endings, ABC mwaka 2011, ulichanganywa hivyo: hadithi inaanza na bibi harusi kumkimbia bwana harusi mbele ya madhabahu, na uhusiano wao baada ya hapo unatakiwa upone polepole, lakini kwa mpangilio uliorushwa wanapatana na kununiana bila sababu. Tafuta mpangilio wa utengenezaji, si wa tarehe za kurushwa.

La pili, diski. Ukiletewa DVD na ndugu aliyeko Marekani, ujue ina alama ya eneo namba 1, na sehemu kubwa ya Afrika yetu iko eneo namba 5. Mimi niliwahi kusubiri diski miezi mitatu, ikafika, deki ikaitema kama dawa chungu. Zile deki za bei nafuu zinazokubali kila diski ndizo za kununua. Ya jina kubwa mpe shemeji.

La tatu ni muziki, na hapa nitakaa kidogo.

Kuna kipindi kinaitwa Frank's Place. CBS, 1987 hadi 1988, sehemu 22. Mtunzi ni Hugh Wilson. Tim Reid anaigiza profesa wa Boston anayerithi mkahawa New Orleans kutoka kwa baba ambaye hakumjua. Anakwenda ili auuze. Wafanyakazi hawataki auuze, na mambo ya uganga yanapitapita hapo, mpaka profesa anajikuta amerudi na virago vyake. Yupo mhudumu mmoja bibi kizee ambaye hahudumii mteja yeyote isipokuwa wale wa zamani kabisa; wageni wakae na njaa yao. Hakuna vicheko vya kubandikwa. Watu weusi wamo ndani ya hadithi nzima wakiwa watu: wapishi, mawakili, wazika maiti, wenye mikopo na wenye kiburi. Marekani haikuwa imezoea kuona hivyo kwenye komedi. CBS ikakihamisha siku hadi siku na saa hadi saa mpaka waliokipenda wakapotezana nacho. Kilipata Emmy ya uandishi, na nyingine alipewa Beah Richards kwa kuigiza kama mgeni. Msimu mmoja, kwaheri.

Sasa ukitafuta diski yake halali, huipati. Kipindi kinafunguliwa kwa sauti ya Louis Armstrong, na muziki umejaa humo kama viungo kwenye pilau. Mikataba ya enzi zile ilikuwa ya kurusha hewani; kuuza diski kunadai kulipia haki za nyimbo upya, na kipindi cha watazamaji wachache hakirudishi gharama. Kilichobaki ni kanda ambazo watu walirekodi majumbani, picha zikiwa na mvua na matangazo ya biashara ya 1987 katikati. Usiyaruke matangazo hayo. Yanakuonyesha kipindi kilikuwa kimekaa na nani mezani.

Vingine vililipa deni hilo kwa kujikata viungo. WKRP in Cincinnati, kipindi cha awali cha huyo huyo Wilson kuhusu kituo cha redio, kiliwekewa nyimbo nyingine za bei ya chini katika marudio yake mengi. Utaligundua: mtangazaji anautaja wimbo kwa mapenzi yote, na unaolia ni wa kwenye lifti. Freaks and Geeks kilisubiri mpaka 2004 ndipo kampuni ya Shout! Factory ikatoa diski zenye nyimbo zake zote za asili. Kwa hiyo ukikutana na nakala mbili, chukua yenye muziki wake, hata kama picha ni chafu.

Namna ya kukaa nacho

Weka simu kifudifudi. Tumia maandishi ya chini, hata kama Kiingereza chako ni cha chuo kikuu, maana vichekesho hivi vinasemwa haraka na kwa lafudhi. Utani wa maneno wa Police Squad! ni wa namna hii: mtu anamnyooshea mwenzake pakiti na kuuliza, "Sigara?", naye anajibu kwamba naam, ni sigara. Huo hata ukiufasiri unabaki na meno. Mwingine hautabaki, na hata DJ Afro mwenyewe, yule msimulizi wa filamu kwa Kiswahili, angelazimika kutunga wake.

Usihukumu kwa sehemu ya kwanza, ila kwa ya tatu. Sports Night, kipindi cha Aaron Sorkin kilichoanza 1998, kitakukera mwanzoni kwa vicheko ambavyo ABC ilitaka viwekwe juu ya mazungumzo yasiyovihitaji. Vumilia, vinafifia kadiri msimu unavyokwenda, na msimu wa pili umesafishwa kabisa. Na usimalize kipindi kizima usiku mmoja. Sehemu sita ni sita. Mimi hula moja kwa wiki, siku ile ile, na katikati ya wiki namsimulia mtu.

Kuhusu vilivyofufuliwa, kuwa na subira. Arrested Development kilichokatwa na Fox mwaka 2006 kilirudishwa na Netflix 2013, na kilirudi kama jamaa aliyetoka safari ndefu: sauti ni yake, mwendo si wake. Party Down kilikaa miaka 13 kabla ya kurudi 2023 kwa sehemu sita, na chenyewe kilifanikiwa zaidi, labda kwa sababu kinahusu watu ambao maisha yamewachelewesha. Drebin naye alifufuka, ila kwenye sinema, The Naked Gun ya 1988, akiwa na Nielsen yule yule na vichekesho kadhaa vile vile. Watu walilipa nauli na tiketi, wakakaa gizani, hawana mchele wa kuchambua, wakatazama.

Kama hujui uanzie wapi, anza na sehemu ya kwanza ya Police Squad! usiku huu. Onyo moja tu: hadithi ikiisha na majina yakianza kupanda, picha itaonekana kama imeganda, kama ilivyokuwa desturi ya vipindi vya zamani. Usizime. Haijaganda. Ni waigizaji wamesimama tuli kwa nguvu zao, pumzi wameibana, na mwenye birika hajaacha kumimina kahawa.